Mvua ya Kwanza Kamukuywa: Upande au Usubiri?

Na MWANDISHI WETU

WAHENGA walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mkulima wa Kamukuywa anajua vyema kwamba mawingu hudanganya, na kwamba hata mvua yenyewe hudanganya.

Kila mwaka inapofika Machi, wakazi wa eneo hilo la Kaunti ya Bungoma, kando ya barabara kuu ya kutoka Webuye kwenda Kitale, hujikuta wamenaswa kati ya methali mbili. Moja huwaambia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Nyingine huwaonya kwamba haraka haraka haina baraka. Mvua ya kwanza ikinyesha, je, mbegu iingie ardhini kesho yake asubuhi, ama mtu avute subira?

Msomaji mpenzi uliye mjini, huenda ukadhani jambo hili halikuhusu. Hebu jiulize: ni nani aliyelipia mbegu zilizopandwa kwenu mwaka jana? Katika familia nyingi, mahindi ya nyumbani hupandwa na mama kijijini kwa fedha zinazotoka Nairobi, Mombasa au Nakuru. Kwa hivyo siku ya kupanda huamuliwa na watu wawili: aliye na shamba na aliye na pesa. Mmoja akikosea, wote wawili watanunua unga dukani kabla ya mwaka kwisha.

Mimi nimekosea mara mbili, na kila mara kwa njia tofauti.

Kosa la kuchelewa

Mwaka wa 2018 mvua ya masika ilikuja mapema na kwa nguvu. Huo ndio mwaka ambao mafuriko yalihangaisha watu katika sehemu nyingi za Kenya kuanzia Machi hadi Mei. Mama alinipigia simu jioni moja katikati ya Machi.

"Baba, mvua imefika," aliniambia, maana kwetu mama humwita mwanawe baba. "Watu wanapanda."

Nilimjibu kwamba ningetuma pesa mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ulipofika, kodi ya nyumba ikatangulia. Aprili ikaja na karo za shule. Pesa za mbegu na mbolea zilifika nyumbani mwisho wa Aprili, na mama akapanda ekari zetu mbili wiki ya kwanza ya Mei. Mahindi ya jirani, tuliyetenganishwa naye na ua wa miti tu, yalikuwa yamefika magotini.

Wakati wa kuvuna, jirani alipata magunia 38 kutoka kwa ekari zake mbili. Sisi tulipata 13. Udongo ni ule ule, mbegu ni ile ile, na mvua iliyonyesha kwake ndiyo iliyonyesha kwetu. Tofauti ilikuwa ni wiki sita.

Kosa la haraka

Basi mwaka uliofuata niliapa kwamba sitarudia kosa hilo. Februari 2019 nilituma pesa zote, na mama akanunua kilo 20 za mbegu pamoja na mbolea, akaziweka juu ya dari. Siku moja mwezi wa Machi ikanyesha mvua ya alasiri, nzito ya kutosha kujaza mapipa. Safari hii ni mimi niliyempigia yeye.

"Mama, pandeni kesho," nilimwambia.

"Baba, nimechimba kwa jembe. Chini bado kuna vumbi."

Nilibishana naye. Nilimkumbusha magunia 13. Mama hakutaka kugombana na mtoto aliyetoa pesa, kwa hivyo vibarua wakaitwa na shamba likapandwa.

Baada ya hapo jua likawaka. Mahindi yaliota, yakatoa majani mawili, yakakauka. Mwaka huo mvua ya masika ilichelewa katika sehemu nyingi za nchi. Wataalamu wa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa walieleza kwamba Kimbunga Idai, kilichopiga pwani ya Msumbiji usiku wa kuamkia Machi 15, kilichangia kuvuruga upepo unaotuletea unyevu. Huko Beira watu walipoteza maisha na makao. Huku kwetu wakulima waliendelea kutazama anga tupu. Mama alilazimika kununua mbegu mara ya pili.

Ndipo nikaanza kuuliza swali ambalo ningepaswa kuuliza tangu mwanzo: mtu hujuaje kwamba mvua hii ndiyo yenyewe?

Mvua yetu hutoka wapi

Wakati wenzetu wa Ulaya wanangoja maua yachanue baada ya baridi kali, sisi tulio jirani na ikweta hatuna majira hayo. Tuna kiangazi na mvua. Kamukuywa haifiki hata digrii moja kaskazini mwa ikweta. Jua huvuka ikweta likielekea kaskazini mnamo Machi 20 au 21, na ukanda wa mawingu ya mvua hulifuata nyuma kama mkia.

Upande wa magharibi wa Kenya una bahati zaidi. Mbali na unyevu wa Bahari Hindi, eneo hili hupokea hewa yenye maji kutoka misitu ya Kongo, na pia mvuke wa Ziwa Victoria. Mchana ardhi ikipata joto, upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu. Hewa hiyo ikikutana na Mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba na ambao una kimo cha mita 4,321, hulazimika kupanda juu. Ikipanda hupoa, na ikipoa huwa mawingu. Hii ndiyo sababu mvua ya Kamukuywa na Kitale aghalabu hunyesha alasiri, mara nyingine ikiandamana na radi na mawe. Mwenye kazi ya shamba huimaliza asubuhi.

Tofauti nyingine ni kwamba huku hakuna vuli na masika zilizotengana waziwazi kama kule Ukambani. Mvua huanza Machi au Aprili na kuendelea, kwa kupungua na kuongezeka, hadi Oktoba au Novemba. Kwa hivyo watu wa Trans Nzoia na Bungoma ya kaskazini hutegemea zao moja kubwa la mahindi kwa mwaka. Ukilikosa hilo, umekosa mwaka mzima.

Mbegu ya Kitale

Hata mbegu yenyewe ilitengenezwa kwa kufuata mvua hiyo ndefu. Kazi ya kuzalisha mbegu bora za mahindi ilianza mjini Kitale mnamo 1955, na kampuni ya Kenya Seed ikaanzishwa mjini humo mwaka wa 1956. Watafiti walichukua mahindi yaliyokuwa yamezoea nyanda za juu za Kenya, wakayachanganya na aina iliyotoka milima ya Ecuador, Amerika Kusini. Ndoa hiyo ilizaa H611, iliyotolewa kwa wakulima mwaka wa 1964. H614 na ndugu zake wengine wa jamii ya 600 walifuata baadaye.

Mbegu hizi huzaa sana, lakini hazina haraka. H614 huchukua kati ya miezi sita na minane kukomaa, kulingana na baridi ya mahali. Fanya hesabu mwenyewe. Iliyopandwa mwisho wa Machi hukomaa mvua ikiwa bado ipo ya kujaza punje. Iliyopandwa Mei huweza kufika wakati wa kujaza punje huku mvua ikianza kuaga.

Watafiti wa Kitale walilijaribu jambo hili mashambani katika miaka ya 1960. Walipanda tarehe mbalimbali na kupima mavuno, na wakapata kwamba kila kuchelewa baada ya mvua kuanza kulipunguza magunia, hata pale mbegu na mbolea zilipokuwa sawa.

Siri iliyo ndani ya udongo

Kuna sababu nyingine ambayo haionekani kwa macho. Mnamo 1958 mtafiti H. F. Birch, aliyefanya kazi katika kituo cha Muguga karibu na Kikuyu, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake juu ya udongo unaokauka kisha ukaloweshwa. Aligundua kwamba maji yanapoingia katika udongo uliokauka kwa muda, vijidudu vya ardhini huchangamka ghafla na kuanza kuozesha mabaki ya mimea kwa kasi. Kazi hiyo hutoa naitrojeni kwa wingi, ile ile ambayo mkulima huinunua dukani katika mfuko wa mbolea.

Kwa maneno mengine, mvua ya kwanza hupika chakula na kukiandaa mezani. Mche wenye mizizi wakati huo hula. Lakini chakula hicho hakikai. Mvua kubwa za Aprili na Mei hukisukuma chini, mahali ambapo mizizi michanga haifiki. Nilipoyasoma hayo nilielewa kilichompata mama mwaka wa 2018. Mahindi yetu yalifika karamuni sahani zikioshwa.

Basi, msomaji, utaona jinsi mtego ulivyotegwa. Ukichelewa unakosa chakula cha udongo. Ukiharakisha unaweza kuzika mbegu katika vumbi.

Kipimo cha wataalamu na kipimo cha mama

Wataalamu wa kituo cha hali ya hewa cha IGAD, kijulikanacho kama ICPAC, wana kanuni yao ya kutambua mwanzo wa msimu. Husema kwamba msimu umeanza ikiwa siku tatu mfululizo zimeleta jumla ya milimita 20 za mvua au zaidi, na kisha katika siku 21 zinazofuata pasitokee kiangazi cha siku saba mfululizo.

Milimita 20 zaonekana kidogo, sivyo? Lakini milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita mraba. Milimita 20 juu ya ekari moja ni kama lita 80,000. Wewe unayenunua maji kwa mtungi wa lita 20 pale mtaani, hiyo ni mitungi zaidi ya 4,000!

Hakuna haja ya chombo cha bei kuipima. Chukua mkebe wenye pande zilizonyooka, uliotoboka juu na mpana sawa toka mdomoni hadi chini. Usimamishe mahali pa wazi, mbali na miti na mapaa, uuzuie kwa mawe usianguke. Kila asubuhi ingiza rula ya mwanafunzi, usome kina cha maji, uandike katika daftari, kisha uyamwage. Mtoto wa darasa la nne anaiweza kazi hiyo, naye atajifunza hesabu.

Sehemu ya kwanza ya kanuni yapimika hivyo. Sehemu ya pili, ile ya siku 21 zijazo, hakuna mkebe utakaokuambia. Hapo ndipo utabiri unapohitajika. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu wa Machi hadi Mei kabla msimu haujaanza, na hutoa pia utabiri wa siku chache kila mara. Kuna utabiri wa kila kaunti, na redio nyingi huutangaza kwa lugha za nyumbani. Mvua ikija na utabiri ukasema wiki ijayo kuna jua tupu, subiri. Ikisemwa kwamba mvua itaendelea, panda.

Na mama je? Yeye huenda katikati ya shamba, si kando ya njia, akachimba kwa jembe. Unyevu ukifika nusu ya bamba la jembe, huchukua udongo wa chini na kuufinya kiganjani. Ukishikamana bila kuchuruzika maji, anapanda. Ukisambaratika kama unga, anarudi nyumbani. Huchimba mahali patatu. Mwaka wa 2019 alichimba mahali patatu na kunijibu kwa ukweli, lakini mwanawe mwenye diploma hakusikia.

Naona sasa kwamba vipimo hivyo viwili ni kitu kimoja. Mvua ya alasiri moja hulowesha vidole viwili vya udongo wa juu. Mbegu huzikwa katika kina hicho hicho. Huota, halafu mzizi ukiteremka hukuta ukavu.

Wazee wa Bunyore

Serikali yenyewe ilijifunza kusikiliza. Huko Bunyore, Kaunti ya Vihiga, ukoo wa Nganyi umejulikana kwa vizazi vingi kwa ujuzi wa mvua. Wazee wake hutazama jinsi miti fulani inavyopukutisha majani na kuchanua, na jinsi wadudu, vyura na ndege wanavyobadilisha mienendo. Kuanzia mwaka wa 2008 hivi, wanasayansi wa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa pamoja na ICPAC walianza kuketi na wazee hao kabla ya msimu, kila upande ukitoa maoni yake, kisha wakakubaliana juu ya ujumbe mmoja wa kuwapelekea wakulima. Waliokuwa wakichekana waligeuka washirika.

Hii haimaanishi kwamba kila dalili ni ya kuaminiwa. Kumbikumbi, ambao kwetu huitwa chiswa, huruka baada ya mvua moja nzuri. Ni kitoweo kitamu, lakini hawakuhakikishii mvua ya wiki ijayo.

Pesa ziende Februari

Mambo ya kufanya si mengi. La kwanza lamhusu mtu wa mjini. Tuma pesa za mbegu na mbolea kabla ya Februari kwisha, hata ikibidi uanze kuziweka kando Novemba. Shamba lilimwe Januari au mapema kidogo, lirudiwe Februari, ili mvua ikija kazi ibaki moja tu. Mbegu inunuliwe katika duka la agroveti linaloaminika. Angalia kibandiko cha KEPHIS chenye namba ya siri ya kukwaruza, na uithibitishe kwa ujumbe wa simu, kwani matapeli nao hungoja msimu.

La pili lamhusu aliye shambani. Pima kwa mkebe, chimba kwa jembe, sikiliza redio. Vikikubaliana vyote vitatu, panda haraka kadiri uwezavyo. Wakulima wengi hutumia kilo 10 za mbegu kwa ekari, mistari ikiachana sentimita 75 na mashimo sentimita 25 hadi 30. Mwenye ekari nyingi anaweza kugawa kazi kwa siku kadhaa, ili asiweke mbegu zote chini ya wingu moja.

La tatu, usisahau kwamba mahindi yakichelewa huvutia adui. Viwavi jeshi vamizi kutoka Amerika walithibitishwa nchini mwaka wa 2017, na magharibi ya Kenya ikawa miongoni mwa sehemu zilizoumia mwanzo. Mahindi machanga ya mtu aliyepanda mwisho huwa ndiyo laini kuliko yote kijijini. Kagua moyo wa mche mara mbili kwa wiki tangu unapoota, usingoje majani yatoboke.

Bustani nayo

Mahindi hayaliwi Aprili. Kati ya kupanda na kuchoma hindi bichi kuna miezi ya njaa, na hiyo huvukwa kwa maharagwe na mboga. Maharagwe yaliyopandwa pamoja na mahindi huwa tayari baada ya miezi mitatu hivi. Saga, kunde na mrenda hukubali mvua ya mwanzo na kuanza kuchumwa baada ya wiki chache tu. Miche ya sukuma wiki ipandwe kitaluni mwezi wa Februari kwa maji ya kisima, ihamishwe mvua ikishika. Nyanya ziwekewe vijiti na nafasi ya hewa, maana mvua nyingi huleta ukungu wa majani.

Nawe mwenye gunia la sukuma wiki kwenye roshani ya ghorofa, kanuni ya kidole ni hiyo hiyo ya jembe. Usidanganywe na udongo wa juu uliolowa. Ingiza kidole hadi mwisho. Ukikuta ukavu, mwagilia.

Baada ya mwaka wa 2019, mimi na mama tuligawana kazi. Mimi hutuma pesa kabla ya Februari kwisha, kisha hunyamaza. Machi ikifika hununua salio la simu na kungoja. Akipiga na kusema mvua imenyesha, humuuliza jambo moja tu.

"Mama, na chini je?"

Akijibu kwamba udongo unashikamana, namwambia, "Haya mama, ni shamba lako." Akijibu kwamba kuna vumbi, tunazungumza habari za wajukuu.